Chachu Isiyonunuliwa: Pombe ya Mahindi ya Masasi na Historia ya Maneno Yake



1. Utangulizi

Mwaka 1985, nikiwa kijana niliyekuwa nimemaliza shahada ya kwanza, nilitumwa Masasi na Newala kukusanya msamiati wa lugha zinazosemwa baina ya mto Lukuledi na mto Ruvuma. Nilibeba hojaji iliyopigwa kwa taipureta, yenye orodha ndefu ya maneno ya Kiswahili yaliyopangwa kwa alfabeti, na mbele ya kila neno mstari mmoja wa kujazia. Asubuhi moja nilifika katika ua wa mama mmoja wa Mkomaindo, mjini Masasi, aliyekuwa akijulikana mtaani kwa kupika pombe. Alikuwa na umri wa kunizaa. Nilimwamkia, akaniitikia, akanipa kigoda, tukaanza kazi. Tulikwenda vizuri hadi tulipofika kwenye neno *pombe*.

"Mama, pombe mnaiitaje?"

"Ipi?" akauliza.

"Yoyote tu, mama."

Alinitazama kwa muda, kama mtu anayepima kama inafaa kumfundisha mgeni au kumwacha aende zake. Kisha akanipa neno moja. Nikaliandika kwenye mstari wake, nikashukuru, nikaendelea na neno lililofuata, ambalo lilikuwa *popo*.

Mhadhara huu unahusu swali lile la "Ipi?" ambalo sikulijibu. Nakusudia kuonyesha kwamba Kiswahili kina msamiati mpana na wa kale kuhusu uchachaji wa nafaka. Kwamba msamiati huo umebeba elimu iliyojengwa na wapika pombe, ambao wengi wao ni wanawake. Na kwamba sisi tunaotunga kamusi na istilahi tumeupita kando kwa sababu tulikuwa tukitafuta neno moja la kujaza katika mstari mmoja. Historia hii nitaieleza kupitia kinywaji kimoja, yaani pombe ya mahindi inayochachuka bila hamira.

Kabla sijaondoka siku ile, yule mama alinichotea kata moja. Naikumbuka ladha yake kuliko ninavyokumbuka hojaji yangu. Ilikuwa nzito, ya rangi ya udongo, na chembe za pumba zilibaki ulimini. Utamu wa kimea ulitangulia. Ukafuata uchachu wa kukaza mashavu, mfano wa ukwaju, na nyuma ya vyote hivyo harufu ya unga uliokaangwa. Povu lilipasukapasuka juu ya kata kwa sauti ndogo, kama mvua ya manyunyu juu ya majani makavu. "Hiyo imelala usiku mmoja," alisema. "Ungekuja kesho ungekuta nyingine." Nilidhani anatania. Kumbe alikuwa akijibu swali lake mwenyewe.

2. Maneno ya mtungi

Naomba nieleze kazi yenyewe kwa ufupi, kama nilivyoiona katika ua ule. Mtama huloweshwa hadi uvimbe, hutandazwa, hufunikwa kwa majani na kunyunyiziwa maji mpaka uote. Baada ya siku chache huanikwa juani, na kuanzia hapo hauitwi tena mtama bali *kimea*. Wakati huohuo unga wa mahindi pamoja na pumba zake hukandwa kwa maji, huachwa siku kadhaa, kisha hukaangwa juu ya bati hadi ugeuke rangi. Unga huo, maji, na kimea kilichosagwa ndivyo vinavyoingia mtungini. Hakuna hamira inayotiwa. Mtungi hufunikwa, na watu huendelea na shughuli nyingine.

Wanabiolojia wanatueleza kinachotokea. Punje inapoota huzalisha vimeng'enya vinavyougeuza wanga kuwa sukari. Bakteria watoao asidi laktiki huifanya rojo iwe chachu kwa ladha, na uchachu huo huzuia vijidudu vingi waharibifu. Kisha viumbe vidogo wa jamii ya kuvu, hasa yule aitwaye *Saccharomyces cerevisiae*, huila sukari na kutoa kileo pamoja na hewa inayotengeneza povu. Hawa hawakuletwa na mtu. Wamo katika punje, hewani, kwenye mwiko, na katika vitundu visivyoonekana vya mtungi wa udongo uliokwisha kupika mara nyingi.

Sasa tutazame maneno. *Kimea* kinatokana na kitenzi *mea*. *Chachu* inatokana na *chacha*, pamoja na nduguze *chachuka*, *chachua* na *uchachu*. Pombe *huiva*, *hukolea*, *hulala*. *Huchujwa* na *kukamuliwa*, na kinachobaki ni *machicha*. Kinywaji cha awali, kabla ya kileo, ni *togwa*. Linganisha maneno haya na majina ya vinywaji na viungo vilivyokuja kwa njia ya biashara na utawala: *hamira* kutoka Kiarabu, *mvinyo* kutoka Kireno, *divai* kutoka Kifaransa, *bia* kutoka lugha za Ulaya. Bidhaa zilikuja na majina yake. Lakini majina ya *matendo*, yaani kumea, kuchacha, kukolea na kuiva, yamebaki kuwa ya Kibantu. Mwanaisimu anapoona matendo yakitajwa kwa maneno ya asili, hujua kwamba kazi yenyewe ni ya kale kwa wasemaji.

Aidha, sarufi ina ushahidi wake. Yule mama hakusema hata mara moja kwamba *anaichachusha* pombe. Alisema, "Naiacha ichache." Kitenzi *chacha* si elekezi, mtendaji wake ni pombe yenyewe. Kazi ya mpikaji ni kuandaa mazingira, kusubiri na kutambua wakati. Katika muundo huu wa sentensi mna nadharia nzima ya uchachaji: kwamba kuna nguvu ndani ya rojo inayofanya kazi kwa uwezo wake, na kwamba binadamu haiamrishi bali huikaribisha.

Ni nadharia iliyoota mizizi katika lugha yote. Tunasema vita *vimechacha* na mambo *yamechacha*. Katika hotuba za siasa na taarifa za miradi tunasikia kila siku juu ya *chachu ya maendeleo* na *chachu ya mabadiliko*. Neno la mpika pombe limepanda jukwaani. Mwenye neno amebaki uani.

3. Nafaka ngeni, maneno ya kale

Mahindi si mmea wa Afrika. Asili yake ni Amerika, nayo yalifika pwani yetu baada ya Wareno kuanza safari zao za karne ya 16. Majina yake yanafunza jambo la kuchekesha kuhusu lugha za dunia. Sisi Waswahili tuliyahusisha na Uhindi. Wanyanja wakayaita *chimanga*, yaani kitu cha Manga, na Wayao wakatumia neno la shina hilohilo. Nasi tunalo shina hilo katika *pilipili manga*. Waitalia waliyaita nafaka ya Waturuki, na Waturuki wakayaita *mısır*, ambalo ni jina lao la nchi ya Misri. Kila jamii iliyapokea kutoka kwa jirani ikamdhania jirani kuwa ndiye mwenyewe.

Hata hivyo, mahindi yalipoingia katika mtungi uliokuwa wa mtama, uwele na ulezi, maneno ya mtungi hayakubadilika. Nafaka mpya ilikubali sheria za zamani: ilikandwa, ikaachwa, ikachacha, ikaiva. Mpaka leo mpikaji wa Masasi hupendelea kimea cha mtama hata anapotumia unga wa mahindi, kana kwamba mgeni lazima aingizwe nyumbani na mwenyeji.

Neno *pombe* lenyewe lina safari yake. Wanaisimu linganishi wamelijenga upya shina la Kibantu la kale la pombe ya nafaka, ambalo limesalia katika *utshwala* wa Kizulu, *bojalwa* ya Kitswana na *ubwalwa* wa Kibemba. Kiswahili hakikulihifadhi. Badala yake kina *pombe*, neno ambalo ukanda wake ni wa mashariki. Padri João dos Santos, aliyehudumu Sofala, bonde la Zambezi na visiwa vya Kirimba kusini ya mdomo wa Ruvuma mwishoni mwa karne ya 16, alilitaja katika kitabu chake kilichochapishwa Évora mwaka 1609. Richard Burton, aliyesafiri kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika kati ya 1857 na 1859, alilikuta njia nzima. Basi neno hili lilikuwa limekwisha kuenea pwani na bara kwa muda mrefu kabla ya kamusi ya kwanza ya Kiswahili kuchapishwa.

Hapa niwatahadharishe wanafunzi wangu juu ya mtego mmoja. Watu wa milima ya Andes hutengeneza pombe ya mahindi iitwayo *chicha*, na sisi tuna *chicha* la nazi na *machicha* ya pombe. Ni rahisi kujenga daraja juu ya bahari kwa silabi mbili. Lakini *chicha* la Kiswahili ni masalio yaliyokwisha kukamuliwa, nalo hutumika kwa nazi sawasawa na kwa nafaka. Kufanana kwa sauti bila ushahidi wa njia na maana si etimolojia.

4. Masasi katika historia ya kamusi

Wengi wetu tunamjua Edward Steere kama mtunzi wa kitabu cha mwongozo wa Kiswahili cha Unguja kilichotoka mwaka 1870. Wachache hukumbuka kwamba huyohuyo, akiwa askofu wa misheni ya UMCA, ndiye aliyewaongoza watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja, kupitia Lindi, hadi Masasi mwaka 1876. Nia ilikuwa kuwarudisha karibu na Ziwa Nyasa walikotoka wengi wao; walipofika Masasi wakaona mahali panafaa, wakajenga. Steere alikusanya pia msamiati wa Kiyao na wa Kimakonde. Mwenzake Chauncy Maples, aliyeishi Masasi na baadaye Newala, alitoa mkusanyo wa Kimakua mwaka 1879. Kwa hiyo nchi hii tunayoizungumzia si pembezoni mwa taaluma yetu. Ni mojawapo ya mahali ilipozaliwa.

Wale walowezi wa 1876 walitoka makabila mbalimbali, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Walilima, walivuna, na bila shaka walipika. Lakini kamusi za kizazi kile hutosheka kuieleza pombe kuwa bia ya wenyeji, kisha zikaendelea. Haikuwa hila. Mtunga kamusi huandika analoulizwa na msomaji wake, na msomaji wa wakati ule alitaka kuhubiri, kununua na kuajiri wapagazi. Hakutaka kupika.

Miaka thelathini baadaye, mwaka 1906, alikuja Karl Weule, mtaalamu wa ethnolojia kutoka Leipzig. Alikaa Masasi, Chingulungulu, Newala na Mahuta, akiwa na kamera ya picha za sinema na fonografu ya kunasia nyimbo kwenye mitungi ya nta. Katika kitabu chake cha mwaka 1908 pombe inatokea mara nyingi: kwenye ngoma, kwenye unyago, kwenye mapokezi ya wageni. Aliona pia jinsi wakazi wa uwanda wa Makonde walivyoishi mbali na maji. Jambo hili ni muhimu kwa mada yetu. Juu ya uwanda ule hakuna mito. Kabla ya mradi wa maji wa Makonde ulioanza miaka ya 1950, wanawake waliteremka bondeni na kupanda na mitungi kichwani. Kila kata ya pombe ilikuwa na hesabu yake ya safari. Mtu aliyepikiwa pombe ya kulimia shamba au ya kumtoa mtoto jandoni alipewa jasho la watu kabla ya kupewa kileo.

Sheria nayo ilifuata njia ya kamusi. Serikali ya kikoloni iliweka vinywaji vya Kiafrika katika fungu moja, na hata baada ya uhuru, chini ya Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, tuliendelea kusema *pombe za kienyeji* kana kwamba ni kitu kimoja. Katika fungu hilo mmo mbege ya Kilimanjaro, ulanzi wa Iringa, rubisi ya Kagera, komoni ya nyanda za juu kusini, na uraka wa mabibo wa huku kwetu Mtwara. Vitu vinavyotofautiana kwa malighafi, siku, ladha na ukali. Neno *kienyeji* halikueleza kinywaji. Lilieleza mnywaji.

Haifai kusahau kwamba wakazi wengi wa Masasi na Newala ni Waislamu, na kwao kileo ni haramu. Nao pia wana sehemu katika msamiati huu. Tofauti ya *togwa* na *pombe* si ya wapika pombe peke yao. Ni mpaka ambao mama Mwislamu anapaswa kuujua kwa hakika, kwa sababu togwa ya leo, ikiachwa, si togwa tena kesho kutwa. Elimu ya kuchacha humfaa anayetaka pombe na anayeiepuka.

5. Mwitu uko wapi?

Mwaka uleule wa 1876, Steere alipokuwa njiani kwenda Masasi, Louis Pasteur alichapisha Paris utafiti wake kuhusu bia, akieleza kwamba uchachaji ni kazi ya viumbe hai. Mwaka 1883 Emil Christian Hansen, katika maabara ya Carlsberg huko Copenhagen, alifaulu kutenga chachu ya aina moja tu na kuikuza ikiwa safi. Tangu hapo viwanda vya bia duniani vimetegemea chachu iliyochaguliwa, na bia ya chupa ikawa na ladha ileile Januari hadi Desemba.

Kutokana na tukio hilo likazaliwa neno jingine. Mara tu chachu moja ilipofugwa, nyingine zote zikaitwa za mwituni. Leo, wapikaji wa bia wa viwanda vidogo vya Marekani na Ulaya wanarudi huko kwa fahari: wanachemsha nafaka, mahindi yakiwemo, wanaiacha wazi usiku, na kungoja kitakacholetwa na upepo. Ubelgiji hawakuwahi kuacha. Katika bonde la mto Senne, karibu na Brussels, bia iitwayo *lambic* bado huachwa ipoe katika beseni pana chini ya paa.

Niliionja. Nilikuwa nimekwenda Tervuren, nje kidogo ya Brussels, kwenye jumba la makumbusho ambako wanaisimu wamekusanya kwa miaka mingi mashina ya Kibantu yaliyojengwa upya. Wenyeji wangu walinipeleka jioni kunywa *lambic*, na walinitazama usoni wakingoja nikunje uso, kama wafanyavyo wageni wengi. Sikukunja. Uchachu ule niliujua. Nilikuwa nimekutana nao Mkomaindo katika kata ya kibuyu. Tofauti niliyoiona ilikuwa moja: huko Brussels kila hatua ya kinywaji ina jina lake lililochapishwa, na mtu huulizwa bila mshangao anataka *ipi*: changa, iliyochanganywa, au iliyokaa miaka. Asubuhi yake nilirudi kwenye faharasa za mashina. Chini ya pombe palikuwa na maneno machache, na miongoni mwake mlikuwa na kazi za watafiti waliouliza kama nilivyouliza mimi.

Tukitafuta istilahi ya Kiswahili ya chachu hiyo ya Ulaya, wepesi wa kwanza ni kusema *chachu mwitu*, kwa mfano wa paka mwitu na nguruwe mwitu. Kisarufi neno ni sahihi. Lakini tujiulize: mwitu wa nani? Mwitu upo pale tu ambapo kuna zizi. Kwa mama wa Mkomaindo chachu haikuwahi kuwa ya porini. Ilikaa katika mtungi wake, katika mwiko wake, katika ukuta wa jiko lake; alikataa kuuosha mtungi ule kwa sabuni, na alipoazima mwingine alilalamika kwamba "haujazoea." Yeye angeshangaa kusikia kwamba kiumbe anayeishi nyumbani mwake ni wa mwituni, na kwamba yule aliyefungwa katika pakiti na kuletwa kwa meli ndiye wa nyumbani. Napendekeza tuseme *chachu ya mtungi*. Istilahi hueleza kitu, lakini hueleza pia mahali aliposimama aliyeitunga.

6. Kuchacha na kuvunda

Huenda mmoja wenu akauliza: yote haya yana faida gani zaidi ya utamu wa maneno? Jibu langu ni la huzuni.

Januari 2015, katika mji mdogo wa Chitima, mkoa wa Tete nchini Msumbiji, watu 75 walifariki baada ya kunywa pombe ya mahindi msibani. Mpikaji mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliokufa. Mwanzoni ilivuma kwamba kinywaji kimetiwa nyongo ya mamba. Uchunguzi wa maabara ulionyesha kisababishi kingine: asidi bongkreki, sumu inayotolewa na bakteria aitwaye *Burkholderia gladioli*, aliyekuwa amezaliana katika unga wa mahindi ulioharibika. Sumu hiyo haitambuliki kwa ladha wala kwa harufu, na moto wa jikoni hauiondoi.

Tusidanganyane basi kwamba ulimi wa mpikaji hodari ungeokoa watu wale. Kwenye kata ilikuwa tayari ni kuchelewa. Kilichoweza kuokoa ni hukumu inayotolewa mapema, wakati unga unapochaguliwa, na hukumu hiyo hutolewa kwa maneno. Kiswahili kinatofautisha unga *uliochacha* na unga *uliovunda*. Mahindi *yaliyoota* na mahindi *yaliyopata ukungu*. Ndizi *iliyovundikwa* ili iive na ndizi *iliyovunda* ikatupwa. Kuchacha ni kubadilika kunakotarajiwa. Kuvunda ni kuharibika. Mtoto anayekulia katika ua wa mpikaji hujifunza mpaka huo kila siku, kwa kuonyeshwa na kuambiwa: huu umechacha, weka, huu umevunda, mwaga. Anayeletewa unga uliotupwa kwa sababu ya dhiki, na ambaye hakurithi maneno hayo, hana mahali pa kusimama anapotaka kukataa.

Sisemi kwamba kamusi ingezuia msiba. Nasema kwamba maofisa wa afya wanapotaka kuwaonya wananchi kuhusu ukungu wa mahindi, wanahitaji lugha ambayo wananchi tayari wanaitumia kupima unga. Lugha hiyo ipo. Hatujaiandika.

7. Hitimisho

Miaka michache iliyopita nilirudi Mkomaindo. Yule mama alikuwa amekwisha kufariki. Nilimkuta binti yake, mwanamke wa makamo, naye hupika. Lakini siku za kazi hupika kwa pumba, sukari na hamira ya dukani, na pombe huwa tayari kesho yake. Hakuwa na haja ya kujitetea kwangu, ila alijitetea. "Mwalimu, ada za shule hazisubiri siku saba," alisema. Wateja wake wenyewe hushindana na bia ya chupa na vileo vikali vya bei nafuu. Mtungi wa mama yake bado upo, umefunikwa kwa ungo, na huutumia mara moja moja, kukiwa na jambo la ukoo.

Nilikuwa nimebahatika: jambo la ukoo lilikuwa limepita siku mbili. Alinichotea. Ilikuwa kali kuliko ile ya 1985, utamu umekwisha, uchachu umetangulia mbele. Nilimwambia hivyo, akacheka, akasema hiyo si ya kumpa mgeni, ni ya wazee wanaojua. Nikatoa daftari, si hojaji.

"Dada," nikamwuliza, "pombe mnaiitaje?"

"Ipi, Mwalimu?"

"Zote."

Tulikaa hadi jua lilipoinama. Baadhi ya majina aliyataja mara moja. Mengine aliyatafuta kwa kuita jirani. Kwa mawili alitikisa kichwa: alikumbuka kwamba mama yake alikuwa na neno la povu la siku ya pili na neno la rojo iliyokataa kuchacha, lakini maneno yenyewe hakuyakumbuka. Mstari wangu mmoja wa mwaka 1985 ungeweza kuyahifadhi. Nilikuwa na kalamu, nilikuwa na karatasi, na mwenye maneno alikuwa ameketi mbele yangu akiuliza anipe lipi.

Taaluma yetu imepiga hatua kubwa tangu Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 hadi Baraza la Kiswahili la Taifa la mwaka 1967, na kutoka *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* ya mwaka 1981 hadi matoleo yaliyofuata. Ombi langu kwenu wanafunzi ni dogo. Mnapokwenda nyanjani, msiende na orodha ya majina tu. Nendeni na kazi za watu, mkae nazo toka mwanzo hadi mwisho, na muandike kila tendo kwa neno la mtendaji. Muwe tayari kukaa siku saba. Na mtu akiwauliza "Ipi?", tueni kalamu kwanza, mmsikilize, kisha ndipo muandike.